Ghala Lililoelekea Kibla

Akiba haiozi, walisema wahenga. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kuweka mahindi kisiwani Amu. Yetu yalibunguliwa na fukusi, yakatafunwa na panya, yakaota ukungu, na yaliyonusurika yakaliwa na wageni. Haba na haba hujaza kibaba. Fukusi nao waliijua methali hiyo, ila wao waliianza na kibaba.

Shamba letu lilikuwa kando ya njia inayotoka mjini kwenda Matondoni, karibu nusu ya safari. Lilikuwa na minazi michache, kisima cha maji matamu, na kipande cha mchanga ambacho mama alikilazimisha kuzaa mahindi na kunde kila masika. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu. Nilikuwa nimeolewa mjini, nikaachwa, nikamaliza eda, wala sikuwa na haraka ya kuolewa tena. Nayasema haya ili ijulikane kuwa sikuwa mtoto. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye macho yake.

Baba alikuwa mtu wa mjini aliyeletwa shamba na riziki. Babu yake alikuwa na nyumba ya mawe, ya ghorofa, yenye zidaka ukuta mzima, vile vishubaka vya kuwekea vyombo ambavyo watu wa Amu huvipenda kuliko vyombo vyenyewe. Nyumba hiyo ilianguka kabla sijazaliwa. Likabaki gofu lililoota mipapai ndani, na baba akabaki na jina. Mama hakuwa na jina. Alikuwa binti wa mkulima, na alichopewa na Mungu ni mkono: akipanda, huota.

Tulikaa nyumba ya udongo na makuti. Jikoni, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga wa miti, na juu yake mama aliweka mahindi yake na maganda yake, yakipigwa na moshi mpaka yakawa meusi. Moshi ndio uliokuwa mlinzi. Lakini uchaga ulikuwa mdogo, ukichukua mbegu na chakula cha miezi miwili, basi. Mengine yalikaa chumbani, kwenye makanda ya ukili, na chumbani hakukuwa na moshi. Ukitega sikio kwenye kanda uliwasikia fukusi wakifanya kazi, tena kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwa baba.

Kila mwaka mambo yalikuwa yale yale. Tulivuna, tukala, tukagawa, na kabla ya masika mengine makanda yalikuwa na vumbi tu. Hapo tulikula muhogo. Mama aliuchukia muhogo wa miezi hiyo, na si kwa ladha yake. Aliuchukia kwa sababu alijua alivuna mahindi ya kutosha. Alikuwa na tamaa moja tu hapa duniani, nayo ni kwamba mahindi ya zamani yakutane na mapya. Siku moja, kabla hajafa, avune hali bado anayo ya mwaka jana.

Basi alipokuja Bwana Shamba, mama alitoka jikoni na kusikiliza kwa makini. Alikuwa kijana wa bara, amevaa kaptura iliyopigwa pasi, na alichora ghala kwa kijiti kwenye mchanga wa uani. Ghala bora, alisema, ni la miti. Lina miguu minne mirefu, lina kuta zinazopitisha hewa, na kila mguu umevikwa bati ili panya asipande. Mtu anaweza kulijenga kwa siku nne. Baba aliutazama mchoro ule kama mtu aliyeletewa posa na ukoo asioutaka.

"Twashukuru, Bwana Shamba," alisema. "Tumefahamu."

Alipokwisha kwenda, baba alimgeukia mama. "Babu yangu alilala ndani ya mawe. Mahindi yangu yalale ndani ya fito?"

"Mahindi hayana babu, Bwana," alijibu mama. "Yana fukusi."

Lakini baba alikuwa amekwisha kuamua. Mawe yalikuwepo, kwenye gofu. Fundi alikuwepo, binamu yake, mwashi mzee ambaye tangu watu waache kujenga nyumba kubwa alikuwa akiziba nyufa za watu na kulalamika. Fundi hakutaka ujira. Alitaka kulishwa, na alitaka kujenga kitu kizima mara moja tena kabla hajafa. Kwa hiyo msimu wa kaskazi ulipoanza, punda wa jirani walianza kubeba nyumba ya babu yetu vipande vipande, kutoka mjini hadi shambani, na mama akaanza kuwapikia wanaume mahindi aliyotaka kuyawekea ghala.

Aliomba sharti moja tu. Mlango utazame jikoni kwake, ili amwone kila anayeingia na kutoka. Lilikuwa ombi la busara, na ndilo lililotuponza. Jiko letu lilikuwa upande wa kusini. Mlango ukatazama kusini, na ukuta wa nyuma, bila mtu kukusudia, ukaangukia kaskazini, upande wa kibla.

Yaliyofuata yote yalikuwa na sababu nzuri. Mvua ya masika huja na upepo wa kusi, ingepiga mlango; kwa hiyo fundi akajenga daka mbele yake, kibaraza chenye paa na mabenchi mawili ya mawe. Sakafu akaipiga chokaa ikawa laini, maana mahindi hayawekwi juu ya vumbi. Kuta akazipaka nyeupe ndani na nje. Halafu akasimama katikati ya chumba, akauangalia ule ukuta wa nyuma, akatikisa kichwa.

"Ukuta mtupu ni aibu," alisema. "Watu watasema fundi gani huyu."

"Ni ghala," alisema mama kutoka mlangoni.

"Hata ghala, Bibi, lina heshima yake."

Akaweka kidaka kimoja, katikati kabisa, kikubwa, chenye tao juu na nakshi pembeni, kwa kumbukumbu ya nyumba ya babu. Baba alisema kitafaa kuwekea pishi ya kupimia. Naapa hakuna hata mmoja wetu aliyeona tulichokuwa tumekijenga. Sisi watu wa Amu, tukipewa mawe na chokaa, mikono yetu inajua kutengeneza vitu viwili, na kimoja ni nyumba.

Fundi alituonya tusiweke kitu mpaka chokaa ikauke barabara. Tulingoja. Masika yakaingia, na ghala likakaa wazi, jeupe, tupu, lenye baraza, hatua kumi kutoka kwenye kisima.

Wa kwanza walikuwa wanaume wawili wa Matondoni waliokimbia mvua. Adhuhuri iliwakuta pale, wakatawadha kisimani, wakaswali ndani, wakamshukuru baba, wakaenda. Nani angewakataza? Wiki iliyofuata walikuwa watano. Mmoja aliacha mkeka, kwa kuwa sakafu ilikuwa baridi. Mwingine akaleta mtungi wa maji na kata. Mwuza samaki mmoja mwenye sauti kubwa aligundua kuwa akisimama kwenye daka sauti yake inafika mbali, na tangu hapo hakupita bila kuadhini. Mimi nilicheka. Mama hakucheka, lakini aliona haya kuacha mahali watu wanaposujudu pana mavi ya mijusi, kwa hiyo asubuhi, kabla hawajaanza kupita, alikwenda kufagia.

"Wafagia ghala au wafagia msikiti?" nilimuuliza.

"Nafagia," alisema.

Mavuno yalikuwa mazuri mwaka huo. Siku ya kuyaweka ilipofika mama alijitwisha pakacha la kwanza mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake na la pili. Tulipofika kwenye daka tulikuta viatu, jozi nyingi kuliko nilizowahi kuziona shambani kwetu, na ndani safu mbili za wanaume. Mbele yao, akiwa amekielekea kile kidaka cha babu yetu kama mihrabu, alikuwapo maalim mmoja mwenye heshima kubwa mjini, akienda Matondoni kwenye hitima. Tukasimama nje na mizigo kichwani tukingoja watoe salamu.

Walitoa salamu, wakatoka, baba akiwa miongoni mwao. Maalim alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote.

"Bwana," alisema, "katika ndia hini yote, toka mjini hadi Matondoni, hapakuwa na mahali pa kumsujudia Mola. Nawe umejenga, tena hukutangaza. Mola akujengee nyumba Peponi."

Nilimwangalia baba. Ilikuwa kazi ya kusema neno moja: ghala. Mkewe alikuwa amesimama hatua sita mbele yake na ushahidi kichwani. Baba alimwona mama, akaona pakacha, akaziona nyuso za wale wanaume, watu wa mjini waliomjua kwa gofu lake tu. Macho yakamlowa.

"Amin," alisema.

Mama aligeuka. Hakutua mzigo. Alirudi jikoni, akayapanga mahindi kwenye uchaga mpaka ukajaa, na yaliyobaki akayatia kwenye makanda, chumbani, kule kwa fukusi. Jioni alipompakulia baba chakula alimwambia kwa upole kabisa, "Karibu, mwenye msikiti." Alimwita hivyo kwa muda mrefu, na kila mara kwa upole.

Nilimkasirikia baba kuliko nilivyomkasirikia mume aliyeniacha. Mume wangu angalau alijua alichokuwa akikifanya.

Sasa, mtu mwenye msikiti shambani kwake ni mtu wa namna gani? Ni mtu anayesema karibuni. Wasafiri wakitoka kuswali walikaa kwenye daka, maana lilikuwa na kivuli, na baba hakuweza kukaa na watu wakiwa na njaa. "Karibuni, karibuni," nilimsikia, na mama alisikia pia, akainuka kushusha chungu. Hivyo ghala letu, ambalo lilijengwa ili lihifadhi mahindi, likawa linayala. Fukusi wakapata wenzao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Lakini wetu kila siku walikuwa wapya, na hakuna aliyefikia siku ya jembe.

Kabla ya masika ya mwaka wa pili makanda yalikuwa matupu. Uchagani yalibaki mahindi ya mbegu tu, yale makubwa, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao. Siku moja ya mchana walikuja wanaume wanane, wakaswali, wakakaa. "Karibuni," alisema baba. Mama alikaa kidogo akiyatazama mafiga. Halafu alipanda kwenye kigoda, akateremsha mbegu, akatoka nazo nje, akaanza kuzipukusa pale uani, mbele ya macho ya kila mtu. Sijui mpaka leo kama alikusudia baba amwone. Nadhani alichoka tu.

Baba alikuwa katikati ya mazungumzo. Aliyaona yale maganda meusi ya moshi mapajani mwa mama, na hata yeye, mtu wa mjini, aliyatambua. Wageni walikula pure ya mahindi yale na kunde, wakasifu kunde, wakaenda zao.

Walipokwisha kwenda alikuja jikoni. Baba hakuwa na desturi ya kuingia jikoni. Aliinama mlangoni kama mgeni.

"Ijumaa nitakwenda mjini," alisema. "Nitamwambia maalim kweli. Kuwa lile ni ghala, na kuwa mimi niliona haya kusema."

Nilijua alikuwa akisema kweli, na nilijua ingemuua. Mtu aliyepewa dua mbele ya watu arudi mbele ya watu wale wale kuirudisha. Nilitaka mama amwambie nenda. Kwa hakika nilitaka.

Mama alikuwa akisugua chungu. "Si ghala," alisema. "Nimelifagia masika mazima. Ukiweka mkono ukutani watoka na maji. Lingeozesha kila kitu." Akamwaga maji. "Mungu amelitwaa mapema, tusije tukaona aibu nyingine. Muachie lake. Mimi nijengee la fito."

"La fito," alisema baba.

"La maguu manne. Kama alivyotora kwenye mchanga yule kijana."

Jirani alitugawia mbegu tukapanda, na mvua zilipopungua baba akalijenga. Hakumwita fundi. Alilijenga mwenyewe, mtu ambaye mikono yake haikuwahi kushika shoka ila kulisogeza. Miguu ilikuwa vipande vya boriti vilivyosalia kwenye lile la mawe. Fito alizikata na kuzifunga kwa kamba ya kumbi. Alikata madebe ya mafuta ya taa akaivika miguu, madebe yakiwa kichwa chini, ikawa ngazi nzuri ya panya; mama akamwonyesha, akavua, akavika upya. Na yote haya aliyafanya mbele ya jamaa waliotoka kuswali, waliokaa kwenye daka lake, juu ya mawe ya babu yake, wakimpa ushauri. Vuta huku. Mguu ule mfupi. Aliyekosea zaidi ndiye aliyeshauri zaidi. Baba alisema "ahsanteni," akaendelea. Siku nne za Bwana Shamba zilikuwa siku kumi na tisa. Ghala liliinama upande wa kisima, na lilibaki limeinama.

Mama aliyaanika mahindi mpaka yakalia yakigongana, akayajaza mle ndani, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Kisha akatoa amri. Mahindi ya ghalani si ya msikitini. Wageni wa daka wangepikiwa ya makanda, yale yaliyobunguliwa, yaliyopepetwa vizuri na kuzidishiwa nazi. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika; nazi husitiri mengi. Baba aliijua amri hiyo, akala ya makanda pamoja nao bila neno.

Mvua za vuli zikapita, kaskazi ikavuma, mwezi wa muhogo ukaja. Mama alipanda ngazi, akafungua ghala la fito, akatia mkono. Mahindi yalikuwa yamejaa hadi kwenye kiwiko chake. Alikaa pale juu ya ngazi muda mrefu. Masika yakaja, tukapanda, tukapalilia, na bado alikuwa akipanda ngazi ile. Ikabaki miezi miwili tu yakutane na mapya.

Wakati huo ndipo maalim alipopita tena. Safari hii alikuja na watu wengi, akitaka waone msikiti wa njiani. Waliswali, wakakaa kwenye daka, baba akawakaribisha. Sisi tulikuwa jikoni, na mlango wa jikoni, kama inavyojulikana, ulikuwa ukitazamana na ule mwingine. Tulisikia kila neno.

"Bwana," alisema maalim, "mahali hapa pana nuru. Lakini kile kibanda cha fito, mbele ya msikiti, kimepinda, kina madebe. Mtu akitokea kwenye ndia hukiona hicho mwanzo. Kiondolewe. Twaweza kukusaidia sasa hivi, vijana wapo."

Vijana wakasimama. Mmoja alikwisha kukunja mikono ya kanzu. Baba alikuwa amekaa katikati yao, na wote walimtazama kwa ile heshima aliyoiota maisha yake yote. Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshika upawa, hauendi kwenye chungu wala haurudi. Tulilijua jibu la baba. Tulikwisha kulisikia.

Baba alikohoa.

"Si kibanda, maalim," alisema. "Ni ghala la mke wangu. Na hilo la mawe mliloswalia lilikuwa ghala lake, nikaona haya kuwaambia. Mungu alikwisha kulitwaa, nami nimeridhika. Hili silitoi."

Kijana yule alishusha mikono ya kanzu yake. Maalim alilitazama lile tao, akayatazama madebe, na mwishowe akasema kwamba mvua mwaka huu ni nzuri. Watu wakakubali kuwa ni nzuri. Baba aliangalia chini kwenye viatu vyake, masikio yamemwiva, na nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda.

Nilikuwa nimekwisha kuinama kwenye kanda, nachota mahindi ya wageni kama kawaida, niyapepete. Mama alinishika mkono. Akauweka upawa chini, akafungua pindo la leso yake, akanipa ufunguo.

"Yarudishe hayo," alisema. "Leo wapikie ya ghalani."